Mbambakofi na Msufi

Ukunda,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa baba yangu, Mzee Abdurahman,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo baba. Shikamoo mara mbili, maana ile ya wiki iliyopita niliitoa mbiombio na simu ikakatika. Natumai waraka huu utawakuta wewe na mama hapo Vanga mkiwa wazima, na kile kikohozi chako cha vumbi la mbao kimepoa, au angalau umekubali kufunga kitambaa puani unapopiga msasa kama daktari alivyokuomba. Mama ameniambia kwamba kitambaa unakifunga kweli, lakini kichwani. Mimi huku sijambo kabisa, alhamdulillahi. Nakula, nasali, na kazini hawajanifukuza.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua ilhali simu unayo. Sababu ni kwamba nakujua. Simu ukikasirika unaikata, kisha unaizima siku tatu, na anayepata taabu ni mama. Barua ukikasirika utaikunja, utaitia chini ya godoro, kisha utaitoa tena usome palipobaki. Ndiyo maana nimekaa na kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa ili usiisingizie miwani, na nikampa ndugu yangu Issa akuletee mkononi kwa gari lake la samaki. Usimpe Issa akusomee. Haya ni yako na mimi.

Jambo lenyewe ni ule ubao wa raketi ulionitengenezea. Issa alinieleza juzi kwamba umeushusha ule ubao wako mrefu wa mbambakofi, ulioukalisha miaka na miaka ukingoja mlango wa mtu atakayeustahili, na kwamba umeshauchora raketi kumi na mbili kwa penseli, uwakatie watoto wa madrasa wacheze mpira wa meza kama Twaiba. Baba, kwa heshima zote, weka msumeno chini mpaka umalize kusoma. Ukimaliza na bado ukitaka kuukata, ukate, mali ni yako. Nina jambo la kukukiri, na ninataka radhi yako kabla sijasafiri na timu. Nikilitanguliza hutayasikia mengine, kwa hiyo nitalifikia kwa mwendo wangu. Tafadhali usiruke mistari.

Unakumbuka nilipoanza kazi hapa Diani, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kupiga pasi mashuka. Nyuma ya jikoni kuna banda la michezo ya wageni na ndani yake meza ya mpira, na saa za mapumziko wafanyakazi tulikuwa tukicheza. Wenzangu walikuwa wakirudishiana mpira polepole kama watu wanaopokezana mtoto mchanga. Mimi siwezi hayo. Mpira ukinijia nauona umenitukana. Siku moja mgeni mmoja alikosa wa kucheza naye, akaniomba mimi. Sasa kule kazini kuna desturi kwamba mgeni hashindwi: unampa mipira mizuri, anaipiga, anafurahi, anakwenda zake kula. Nilimpiga seti tatu kavu, na chakula cha mchana hakukila. Msimamizi wangu aliniita akanikaripia kwa muda mrefu, kisha, akiwa bado amenuna, akanipa namba ya simu ya Mwalimu Kalama.

Huyu Kalama ni mtu wa Tiwi, mwalimu mstaafu, na jioni huwafundisha watu mpira wa meza katika ukumbi mmoja hapa Ukunda. Ni mtu wa maneno machache mno. Alinitazama siku mbili nikicheza. Siku ya tatu alisema kwamba mimi ni mshambuliaji, kwamba hilo mtu huzaliwa nalo, na kwamba yeye hatapoteza muda wake kunifundisha kujikinga. Alisema nina mkono wenye pupa na miguu yenye akili, na kwamba pupa inafundishika lakini woga haufundishiki. Baba, nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, ushungi haukunienea.

Ndipo nilipokupigia simu mwaka jana baada ya Idi, nikakuambia nataka ubao wangu mwenyewe, nitabandika raba mwenyewe. Uliniuliza nataka wa namna gani. Nami, binti wa karakana, niliyelelewa juu ya magunia ya maranda, nikakujibu kama wateja wako wanavyokujibu: nataka ubao mgumu, mzito, usiotetemeka, ukigongwa uitike. Kosa hilo nalitia mbele ya makosa mengine yote, na ni langu, si lako. Mtu mwingine angekwenda kuuliza kwa wanaojua. Mimi nilichagua raketi kama mtu anayechagua mlango.

Na wewe ukanipa mlango. Wallahi sitanii, ni kitu kizuri kuliko chochote kilichowahi kushikwa katika ukumbi ule. Umeukata kipande kimoja, uso na mpini havina kiungo, umeusugua mpaka kila unyuzi wa mbao unaonekana, na chini ya mpini umechonga ile alama yako ya pembe tatu. Kalama aliugeuza na kuugeuza. Kisha akaingia nao duka la viungo la jirani, akauweka kwenye mizani ya iliki, akarudi akasema una gramu mia moja na thelathini na tano kabla ya raba. Akaongeza kwamba huu ni wa kurithisha wajukuu. Mimi nikadhani anausifu.

Niliuchezea miezi mitatu. Nitakueleza kilichotokea, na najua utanielewa kuliko wengi. Mshambuliaji, baba, hashindi kwa pigo la kwanza. La kwanza linamtoa mwenzako mahali pake, la pili ndilo linalommaliza, na baina ya hayo mawili hupati nafasi hata ya kusema bismillahi. Kwa mbambakofi, pigo langu la kwanza lilikuwa radi. Watu walikuwa wakigeuka kutazama. Lakini mkono ulikuwa bado uko kule uzito ulikoupeleka, na mpira umesharudi. Nikifika seti ya tatu bega linawaka moto. Seti ya nne sipigi tena, natwanga. Tena mbao ngumu kiasi kile haiushiki mpira hata kidogo. Mimi nataka uzunguke ushuke mezani, ubao unataka uende zake, basi unakwenda zake mpaka ukutani.

Kuna msichana wa Msambweni anaitwa Nusra. Yeye ni wa kujikinga: anasimama mbali na meza, anarudisha kila kitu, hana haraka, na uso wake hauonyeshi njaa wala shibe. Alinishinda mara tatu mfululizo. Alichofanya ni kunisubiri nichoke tu, na kwa ubao ule sikumweka sana. Mara ya tatu aliniambia pole, kwa adabu kabisa, na pole ile iliniuma kuliko pointi zote. Nilipokulalamikia kwa simu ulinijibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Sikukujibu kwa sababu wewe ni baba yangu. Sasa nakujibu: mkulima harudishiwi udongo usoni.

Siku moja Kalama aliniwekea mezani mbao zake mbili, akaniamuru nichague kwa mkono na macho niyaache nyumbani. Mmoja ulikuwa wa kasi, mkavu, ndani yake umetiwa nyuzi nyeusi za kiwandani, na nilipouona tu nikautaka, maana nilishasikia kwamba washambuliaji wakubwa huchezea wa namna ile. Katika mipira kumi ya kwanza, saba haikugusa meza. Ule wa pili ulikuwa kijibao tu. Mbao tupu, tabaka tano nyembamba zilizoshikanishwa, mwepesi, na mpini umelika kwa jasho lake. Niliuchukua kwa kumridhisha mzee wa watu. Nikapiga. Baba, niliuhisi mpira ukiingia kidogo, ukashikwa, ukaondoka kwenda nilikoutuma, na mkono wangu ulikuwa umesharudi mahali pake ukingoja mwingine. Nikapiga ishirini bila kukosa. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kalama alisema kwamba kasi ni ya mkono, na kazi ya ubao ni kumsikiliza mwenye mkono. Akasema washambuliaji wengi wachanga hununua kasi, halafu mwaka mzima wanaiogopa.

Tabaka tano, na baina yake gundi. Najua hapo umeshakunja uso. Tangu nipate akili nimekusikia ukisema kwamba mbao ni moja kama Mwenyezi Mungu alivyoiotesha, na kwamba gundi ni dawa ya fundi aliyeshindwa kupima. Na mimi niliamini hivyo mpaka siku ile. Nilitoka ukumbini nikiwa na furaha na nikiwa na hofu, vyote kwa pamoja, kwa sababu majaribio ya kuchagua timu ya kaunti yalikuwa yamebaki wiki tatu, nafasi kwa wanawake ilikuwa moja, na nilishajua kwamba kwa ubao wako sitaipata. Ule wa Kalama hauazimwi, anaulinda kama jicho lake. Nilimpigia simu mwenye duka Mombasa, akasema wa namna hiyo utaagizwa, na utachukua wiki sita, labda nane.

Basi umeshaelewa, baba, na sitakuzungusha. Kwenye majaribio yale, kule Kwale, sikuchezea ubao wako. Nimesema. Ukitaka kuitia barua chini ya godoro, hapa ndipo pa kuitia, lakini kumbuka kubwa kuliko hili liko mbele.

Kwanza nikupeleke Kwale, maana nataka uione siku ile kama ilivyokuwa. Ukumbi ulijaa, joto la kuchoma, na feni ya juu ilizimwa ili isipeperushe mipira. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja. Niliwapita wa kwanza bila taabu, na ninalisema hilo bila haya kwa sababu ni kweli. Fainali nikamkuta nani? Nusra wa Msambweni, na uso wake uleule. Seti ya kwanza nilichukua mimi kwa kumi na moja kwa saba. Ya pili aliichukua yeye, alinivuta huku na huku mpaka pupa yangu ikaamka. Ya tatu yangu. Halafu ikaja ya nne, seti ambayo siku zote bega langu huniaga, na nilimwona akirudi nyuma hatua moja, ametulia, ananingoja nichoke kama kawaida yetu. Sikuchoka. Nilimpiga wa kwanza, akaurudisha vizuri sana, na mkono wangu ulikuwa tayari uko pale ukimngoja. Wa pili ukalala upande asiokuwapo. Nikafanya hivyo tena, na tena. Kwa mara ya kwanza niliona kitu usoni mwake, na kitu chenyewe kilikuwa hesabu zilizomkataa. Kumi na moja kwa sita. Nilipiga kelele nikasahau kwamba nimevaa hijabu mbele ya wazee.

Usiku ule nilikupigia simu. Hukuuliza nimeshinda kwa ngapi. Uliniuliza kama ubao umestahimili. Nami nikakujibu kwamba umestahimili, umewapiga wote. Nilisikia ukimwita mama. Nilisikia sauti yako ikibadilika, ukaniambia kwamba mbambakofi haumwangushi mtu, nami nikasema ndiyo baba. Kesho yake Issa akanieleza kwamba umelisimulia hilo barazani baada ya sala ya asubuhi, na watu wamekuja karakana kukupa mkono. Njia ya mwongo ni fupi, baba, nami yangu imefika mwisho pale ulipouchora ubao ule kwa penseli. Ukiwakatia watoto wale raketi za mbambakofi, wataumia mabega na watauchukia mchezo, na siku moja atatokea mtu anayejua atauliza nani aliyewapa. Sitaki wakutaje wewe.

Sasa nakuja kwenye lile kubwa. Vuta pumzi.

Wiki tatu kabla ya majaribio niliuchukua ubao wako nikaenda kutafuta fundi wa kuupunguza kwa randa. Hapa Ukunda mafundi wako wengi. Nilimwendea Dzombo.

Ndiyo, Dzombo huyo huyo. Nilijua tangu miaka miwili nyuma kwamba ana karakana hapa karibu na soko, na siku zote nilikuwa nikivuka barabara ili nisipite mlangoni pake, kwa sababu jina lake nyumbani kwetu halitajwi tangu alipoondoka karakana yako. Siku ile sikuvuka. Alikuwa bado ananikumbuka, akaniita Twaiba wa maranda. Nikampa ubao. Hakuangalia alama kwanza. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba ukingoni, na kabla hajaugeuza akasema huu ni mkono wa Mzee Abdurahman. Nilipomwambia ninalotaka alinirudishia kwa mikono miwili. Akasema yeye hawezi kutia randa kazi ya aliyemfundisha kushika randa, labda mwenyewe amruhusu, na kuruhusiwa hatarajii.

Nilikuwa nimeshatoka kizingitini aliponiuliza shida yenyewe ni nini. Nikamweleza yote, pigo la kwanza na la pili na bega. Akaniambia nipige hewani. Nikapiga hewani pale katikati ya karakana, wateja wake wakinishangaa, naye akautazama mkono wangu unavyokwenda na unavyorudi, kama wewe unavyomtazama mtu anavyofungua mlango kabla hujamwekea bawaba. Kisha akasema nirudi baada ya siku tano. Wa kwanza aliotengeneza ulikuwa laini mno, akauvunja kwenye goti lake mbele yangu. Wa pili ndio huu. Nje ni mkangazi, mwembamba kama kadi ya mwaliko, kisha mwarobaini, na moyo wake ni msufi. Msufi, baba, mti ambao wewe husema haufai ila kutujazia mito. Gramu themanini na sita kwenye mizani ya iliki. Kalama aliuchezea robo saa nzima, akanirudishia, na akaniuliza fundi yuko wapi.

Kwa hiyo ubao uliowapiga wote Kwale ni kazi ya Dzombo, na umeshikwa kwa gundi.

Lakini hata hilo silo linaloninyima usingizi. Nilipomaliza fainali, Nusra alikuja akaomba kuushika. Aliutazama mbele na nyuma, akatafuta alama chini ya mpini, hakuiona, akaniuliza nani ameutengeneza. Watu walikuwa wametuzunguka, viongozi wa mchezo wapo, Kalama yupo. Nikasema ni baba yangu. Nilisema kwa sauti, baba, na kwa fahari. Kisha nikainua macho nikamwona Dzombo mlangoni. Alikuwa amefunga karakana akapanda mpaka Kwale kuja kunitazama, na alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alinisikia. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeulizwa jambo akakubali, na akaondoka. Nimempora mtu kazi yake mbele ya macho yake, na nilifanya hivyo kwa sababu nilikuogopa wewe.

Nilimwendea kesho yake kumwomba msamaha, nikakuta anapanga misumari. Akaniambia niache kulia, kwani sikusema uongo mkubwa: kila kinachojulikana na mkono wake umekifundisha wewe, isipokuwa gundi. Nikamuuliza kwa nini hakuweka alama yake. Alistaajabu kwamba mimi, binti yako, naliuliza hilo. Alinikumbusha kwamba mwanagenzi hujiwekea alama siku fundi wake anapompa randa mbele ya mafundi na kumchagulia alama, na yeye hakuwahi kupewa. Baba, ana miaka kumi na mmoja hapa. Ametengeneza vitanda, makabati, mimbari ya msikiti mmoja wa Tiwi, na hakuna hata kimoja chenye alama.

Mimi nilikuwapo siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nimekaa juu ya gunia. Uligonga kile kitanda cha arusi alichokiunda Dzombo, ukasikia tabaka, ukachukua nyundo ukauvunja ubao wa kichwani mbele ya mwenye arusi. Wewe uliona gundi. Mimi nilimwona Dzombo akiokota vipande vyake vyote, hata vidogo, akavifunga ndani ya kikoi chake akatoka. Hukumuuliza kwa nini. Mimi nimemuuliza. Anasema mwenye arusi alitaka ubao uliojipinda kama upinde, na mbao nzima ukiipinda hivyo inapasuka kabla ya mwaka. Ningependa unijibu wewe kama fundi kama amesema kweli, maana mimi ninaamini kwamba amesema kweli na ninaamini kwamba ulijua tangu siku ile.

Nimelisema, na sitalifuta. Umenilea nisiogope kitu ila Mungu, kisha ukashangaa nikiwa hivi.

Issa ana furushi la leso ambalo nimemwambia asikupe mpaka umalize ukurasa huu. Mwite sasa. Ndani mna mbao mbili, wako na wa Dzombo, na zote nimezivua raba ili uzione zilivyo. Zigonge. Zipinde kwa kidole gumba. Simama mbele ya meza yako ya kazi upige hewani mara hamsini kwa kila mmoja, na usimruhusu mama akucheke. Uhukumu kama fundi kwanza, na ubaba uje baadaye.

Timu inaondoka kwenda Nakuru kwenye mashindano ya taifa Alhamisi asubuhi. Issa anarudi huku Jumanne na samaki. Ubao mwingine sina, na sikuazima wala sitaazima. Nirudishie mmoja, baba, na nitakaouona ndani ya leso ndio nitakaouchezea. Ukinirudishia mbambakofi, nitaubandika raba na kwenda nao bila kinyongo. Pigo la kwanza watu watageuka, na la pili Mungu anajua. Ukinirudishia ule wa msufi, nakuomba usiurudishe bila alama chini ya mpini, na uichague wewe. Radhi yangu nimeifunga humo humo pamoja na yake.

Nisalimie sana mama, mwambie yale mafuta ya nazi yamefika na nywele zimeanza kunisikia. Wasalimie majirani wote na watoto wa madrasa, na uwaambie nikirudi nitawafundisha mwenyewe. Mwalimu Kalama anakusalimu na kukuombea afya. Na kila nikipita karakana kuaga, Dzombo huniambia nikusalimie, kisha huniita tena barabarani akaniambia basi, niache, nisikusumbue. Miaka miwili nilikuwa nikivuka barabara, na mwezi huu mzima nimekuwa nikimtii. Leo simtii. Baba, Dzombo anakusalimu. Anasema shikamoo.

Mwanao,
Twaiba binti Abdurahman